Sikio la Fundi

Wiki iliyopita nilimpelekea kijana wa gereji Peugeot 504 niliyoachiwa na marehemu baba. "Shikamoo mzee," akasema, akafungua boneti, kisha akainama chini ya usukani kutafuta tundu la kuchomeka kompyuta. Alipolikosa akauliza, "Sasa hii tunaipimaje?"

Swali hilo lilinirudisha mtaa wa Gerezani, chini ya mwembe wa fundi wetu. Siku zote nasema ilikuwa 1982. Kadi ya gari inasema baba alilinunua 1984. Haidhuru. Ni miaka ile ya foleni za petroli, na iliyopatikana ilitoka kwenye madumu, imechanganyika na maji.

Fundi hakushika spana kabla ya kusikiliza. Alikalia ringi kuukuu, kafumba macho, injini ikinguruma kwenye sailensa, yaani bila kukanyagwa mafuta. Ovaroli yake ilinuka petroli na grisi hata ikitoka kufuliwa. Akizungushia kitambaa mkononi, alichomoa nyaya za plagi mmoja baada ya mwingine: silinda nzima ukiinyima moto, injini huyumba; ukiinyima mbovu, injini haishtuki. Kisha alitoa plagi kutoka kwenye visima virefu vya 504, ambamo maji ya kuoshea injini hujificha, akazipanga juu ya gunia. Yenye masizi: mafuta yamezidi. Nyeupe: yamepungua, au hewa inapenya pasipotakiwa. Ya kahawia: hiyo haina neno.

Usiku mmoja alituzimisha taa zote. Boneti ikiwa wazi, injini ikiwaka, tukaona cheche za buluu zikirukaruka juu ya waya uliopasuka. Nilikuwa mtoto, sijaona tena kitu kizuri namna ile ndani ya gari.

Alirekebisha kitu kimoja, akawasha, akasikiliza. Cha pili kilisubiri.

Baadaye yakaja magari ya Kijapani, injekta, sensa. Kabureta zikaishia kwa wanunuzi wa chuma chakavu, na fundi akatangulia mbele ya haki. Kompyuta siilaumu. Kinachoniudhi ni kubahatisha: plagi mpya, koili mpya, pampu mpya, gari bado lina misi, na mwenye gari kila mara anaingia mfukoni.

Basi wiki iliyopita nilimwambia kijana azime redio ya gereji. Kwenye sailensa gari lilitulia. Ukikanyaga mafuta ghafla, linazubaa kwanza, ndipo linaruka. Tukazima injini, tukatoa chujio la hewa, akachungulia kooni mwa kabureta huku nikivuta waya wa mafuta. Ulitakiwa kuruka mchirizi wa petroli. Haukuruka. Tukafungua pampu ndogo iliyo ubavuni mwa kabureta: kiwambo chake cha mpira kilikuwa na ufa mwembamba kama unywele.

Kijana alikiinua kwenye mwanga, akakitazama muda mrefu. Jioni iliingia pikapu ikitetemeka. Kabla ya kushika spana, alikwenda kuzima redio.