Gita Lisilo na Babu

Kitengela, kabla ya jua. Nasubiri matatu ijae, gita kavu limelala magotini. Kinyozi amefungulia benga, duka la simu linapiga bongo fleva, na kwenye gari la pembeni naisikia rumba ya Kongo. Mtunzi anayeishi hapa hufikiwa na mitindo yote kabla ya kifungua kinywa. Lakini kuisikia ni jambo moja, kuioanisha ni jingine, na la pili ndilo lililonitoa nyumbani. Mimi ni mwanamuziki wa kujitegemea: natunga, narekodi na kuuza kazi yangu mwenyewe.

Ninapofungua daftari hili nakutana kwanza na maandishi ya safari ya Kisa, Kakamega. Huko ndiko kwao George Mukabi, aliyefariki 1963. Katika mtindo wake wa omutibo, kidole gumba kinashika besi bila kuchoka, cha shahada kinafuma wimbo, na mwenzake anagonga chupa ya soda kushika mwendo. Nilipowasikiliza wapigaji wa kule nilielewa kwa nini gita lilipata makao upesi Uluhyani. Litungu, ala yao ya nyuzi, lilikuwapo zamani, vidole vimeshazijua nyuzi. Mgeni alifika akamkuta babu yake amekaa barazani.

Nilipofika Pwani, Kilifi, mambo yalikuwa hivyo hivyo. Fundi Konde, mzaliwa wa 1924 kutoka upande wa Kilifi, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kupiga gita la umeme katika nchi zetu. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia aliwatumbuiza askari wa King's African Rifles (KAR) huko Burma, kisha akarudi kuoanisha midundo ya Kikuba na Kiswahili kitamu cha nyumbani. Pwani nayo ilikuwa na wazee wa nyuzi: udi na gambusi.

Sasa niko Entarara, baada ya Emali, Kimana, Loitokitok na Illasit. Kilimanjaro uko karibu kiasi kwamba naukuta kila nigeukapo. Sokoni Kimaasai, Kikamba, Kichaga na Kiswahili vinapokezana juu ya mahindi, vitunguu na nyanya. Jioni nakwenda bomani kwa mwenyeji wangu, namsalimu mama wa boma.

"Takwenya, yieyo."

"Iko."

Hapa sikuti babu wa gita. Wamaasai hawana ala ya nyuzi ya jadi, na ngoma ya kupigwa hawaihitaji. Pembe ya tandala hutolewa kwa shughuli maalumu. Siku nyingine zote, muziki ni koo, mabega na ushanga. Olaranyani anatoa wimbo, wengine wanamjibu kwa sauti nzito inayotoka kifuani, pumzi baada ya pumzi.

Nikajiunga nao kwa kodi tatu za rumba. Kila nilipobadilisha kodi, wimbo uliyumba. Wao hukaa kwenye sauti moja, utamu wao umo kwenye pumzi; mimi niliwasukuma kwenda mahali ambapo hawakuwa na safari. Walipopumzika, mama akaniita kando.

"Mwanangu, gita lako linasema sana. Unataka kuwa olaranyani, na olaranyani tunaye."

Maneno hayo yalinikaa. Kisa na Kilifi nilipewa nafasi ya mbele kwa sababu nyuzi zilikuwa na heshima yake tangu zamani. Entarara gita ni mgeni kabisa, na mgeni huanza kwa kuitikia.

Walipoanza tena, nikalegeza uzi wa sita mpaka ukafika kwenye sauti ya wanaume. Nikaziba nyuzi kwa kiganja zisivume, nikaacha wimbo wote, nikabakiza kidole gumba, kama nilivyojifunza Kisa. Gumba likapiga, vifua vikajibu. Mama hakusema neno. Alisogea akaniachia nafasi ndani ya duara.

Kitengela, usiku. Benga ingali inalia kwa kinyozi. Uzi wa sita sijaukaza. Wimbo niliouanza unafunguka kwa gumba peke yake, chini kabisa, halafu kuna pengo refu ambalo mwanzoni nilitaka kulijaza kwa vidole vyangu. Hakuna kampuni inayonihimiza, kwa hiyo pengo litasubiri. Ni nafasi ya olaranyani, na nitarudi Entarara kuomba sauti yake.