Baraka: Fundi wa redio agundua kilichokuwa kinakula batri usiku

Baraka, eneo la Fizi. Kwa muda wa wiki tatu, habari za asubuhi za redio moja ya jamii hapa mjini zilikuwa zinakatika. Matangazo yanafungwa saa tatu usiku na kufunguliwa saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mtangazaji akifikisha dakika kumi hivi, batri zinalia na mtambo unazimika. Saa hiyo jua halijatoka bado upande wa Ubwari, na plake za jua haziwezi kusaidia kitu. Wavuvi na mama wa soko wanaosikiliza habari hizo kabla ya kutoka nyumbani walikuwa wanabaki na mlio mtupu wa redio.

Lawama zikamwangukia mlinzi wa usiku. Ilisemwa anachaji simu za majirani kwa franga. Hakuna aliyemkuta akifanya hivyo, lakini yeye ndiye mtu peke yake anayelala pale, na hiyo ilitosha. Mkurugenzi akamwambia atafute kazi nyingine mwisho wa mwezi.

Fundi wa redio, kijana mwenye maneno machache, alimwendea mkurugenzi. "Papa, unipe siku tatu kwanza nipime." Akapewa.

Usiku wa kwanza alikaa na yule mzee. Mzee hakuficha: simu yake moja anaichaji, ndiyo. Chaja ya simu ndogo inakula wati 5 hivi, kwa saa mbili, kisha simu inajaa. Hiyo haiwezi kuangusha redio. Halafu mzee akaonyesha kisanduku cha kugawanya nyaya za mtandao, kile mafundi wanaita swichi. "Mwanangu, mimi hapa nalala na kuamka. Hizo taa za kijani mbona hazilali?"

Swali hilo ndilo lililofungua jambo.

Waya wa mtandao wa zamani, ule wa megabiti 10 kwa sekunde, ulikuwa na adabu. Kama hakuna ujumbe, unanyamaza, unatoa tu mpigo mdogo kila milisekunde 16 kusema kwamba upo. Mwendo ulipoongezwa kufika megabiti 100, halafu gigabiti moja, adabu hiyo ikapotea. Ili pande mbili zisipotezane kwenye mdundo, zinatumiana alama tupu mfululizo, hata usiku wa manane, hata kama hakuna faili moja linalopita. Watu wa redio wasishangae: mtambo wa FM nao unakula umeme uleule mtangazaji akisema au akinyamaza, kwa sababu wimbi linalobeba sauti liko hewani wakati wote.

Na gigabiti ni mlaji kuliko megabiti 100. Waya wa megabiti 100 unatumia jozi mbili, moja ya kusema na moja ya kusikia. Gigabiti inatumia jozi zote nne, na kila jozi inasema na kusikia kwa wakati mmoja. Basi kila upande lazima uondoe mwangwi wa sauti yake wenyewe ndipo umsikie mwenzake, kama mtu anayepambana na larsen studioni. Hesabu hiyo haikomi usiku wala mchana. Kila ncha ya waya inakula karibu nusu wati au zaidi kidogo. Nusu wati ni kitu gani? Si kitu. Lakini redio ile ilikuwa na nyaya 6 zilizokesha, na kila waya una ncha mbili.

Mbona asizime tu kila kitu? Kwa sababu wanahabari wa vijijini wanatuma sauti zao usiku, wakati mtandao umepungua watu. Antena, kompyuta ya kupokea na sanduku la kuhifadhia sauti lazima vibaki macho. Ila hakuna kati ya hivyo kinachohitaji gigabiti. Sauti safi ya stereo, bila kubanwa, haifiki hata megabiti 2 kwa sekunde.

Fundi akaamua kushusha mwendo. Mara ya kwanza alikosea. Alilazimisha megabiti 100 upande wa kompyuta peke yake na kuzima mapatano kati yake na swichi. Swichi ikakosa wa kupatana naye, ikachagua kusema na kusikia kwa zamu, huku kompyuta ikifanya vyote pamoja. Ujumbe ukawa unagongana njiani, sauti zikaja vipande vipande. Kesho yake akarudisha mapatano, ila akaiambia kompyuta itangaze megabiti 100 tu kama mwendo inaoujua. Pande zote zikakubaliana, na kelele ikaisha.

Ikabaki kelele ya watu. Mahojiano ya saa moja katika WAV ni kama megabaiti 600. Kutoka chumba cha montaji kwenda studio, faili hilo lilikuwa linapita kwa sekunde chache. Sasa lilitaka karibu dakika nzima. Mtangazaji mmoja akamwita: "Kaka fundi, umetufungia breki?" Alikuwa na haki. Waya ule ukarudishiwa gigabiti yake, kwa sharti kwamba anayetoka wa mwisho jioni anauchomoa.

Kipimo kikaonyesha karibu wati 5 zimepungua. Kwa saa 8 na nusu za usiku, hizo ni zaidi kidogo ya wati-saa 42. Studio na mtambo pamoja vinakula kama wati 100. Kwa hesabu hiyo fundi alikuwa amerudishia redio dakika 25 hivi za hewani, na habari za asubuhi zinachukua nusu saa. Kwa maneno mengine, nyaya zilikuwa zinachaji simu isiyojaa, usiku kucha.

Kuna dawa nzuri zaidi. Tangu mwaka 2010 kuna kanuni inayoitwa IEEE 802.3az, inayoruhusu waya kusinzia pale pasipo na ujumbe na kuamka kwa mpigo mfupi mara kwa mara ili mdundo usipotee. Waya wa gigabiti unaamka kabisa kwa takriban sehemu 17 za milioni moja ya sekunde. Ila lazima ncha zote mbili ziijue kanuni hiyo, na kompyuta za pale ni za zamani. Tena si kila mahali inafaa: Audinate, wenye mfumo wa sauti wa Dante, wanaomba usingizi huo uzimwe, maana sauti inayopita moja kwa moja haitaki waya wa kusinzia.

Siku ya nne, habari zilisomwa mpaka mwisho. Mkurugenzi alimwita mlinzi ofisini, mlango ukafungwa, na mzee akatoka bila kusema neno. Mwisho wa mwezi umepita na bado analinda. Simu yake sasa anaichaji mchana, jua likiwa juu, watu wote wakiona. Batri zenyewe zimezeeka, fundi anasema, na msimu wa mvua unakuja.