Namba tatu si nusu ya safari

Wasee, kuna tiketi ya bahati nasibu nimetembea nayo kwa waleti tangu Desemba. Ni ya bro yangu. Mchezo wenyewe ni kuchagua namba 6 kati ya 49. Siku hiyo alipata tatu, akaingia kejani akipiga kelele: "Nusu tayari! Nilibakisha tatu tu!" Na mimi nikashangilia, sitadanganya. Tangu hapo hajakosa wiki. Doo ya stima ikawa inaenda huko, mathe akidhani ni boda imelala.

Nilikuwa mwaka wa kwanza chuo na ndio tulikuwa tumefika kombinesheni, topiki niliyoichukia sana. Jioni moja tokeni zikaisha, tukakaa na tochi ya simu, nikamwambia leta kalamu.

Namba ya kwanza una chaguo 49, ya pili 48, hivyo hivyo hadi 44. Zidisha zote. Lakini mpangilio haujalishi, ukianza na 3 au na 40 bado ni tiketi ile ile, so unagawanya kwa 720, yaani njia zote za kupanga namba sita. Inabaki 13,983,816. Ukicheza moja tofauti kila siku, utazimaliza baada ya miaka zaidi ya 38,000.

Hakushtuka. "Si kuna mtu hushinda?"

Hapo nikaona shida si hiyo namba kubwa. Shida ni zile tatu zake. Tukazipigia hesabu pia: kuchagua tatu kati ya sita zilizoshinda, njia 20. Tatu zingine kutoka kwa zile 43 zilizopoteza, njia 12,341. Zidisha, unapata tiketi 246,820 zenye namba tatu sawa. Hiyo ni kama moja kwa kila 57. Manze, ukicheza kila wiki hiyo haikosi kukupata siku moja. Zote sita? Tiketi moja tu, kati ya karibu milioni 14.

Bro hupiga hesabu ya mafuta na faida kichwani haraka kunishinda. Aliangalia karatasi kitambo.

"Kwa hivyo sikuwa karibu?"

"Hukuwa, bro."

Akanipa tiketi bila kusema kitu. Nilijiskia vibaya, kusema ukweli.

Jumamosi iliyofuata alicheza tena. Lakini alinunua tokeni kwanza.