Koili Ile Ilikuwa Nzima

Mzee mmoja wa Ruaha Mbuyuni ananiamini kuliko ninavyostahili. Nilimlipisha koili ambayo gari lake halikuihitaji.

Alileta pikapu yake, Toyota Hilux ya injini ya 22R, gereji kwetu Iringa kwa sevisi: oili, filta, plagi nne mpya. Mwanya wa plagi za injini hiyo ni milimita 0.8, na nilijua. Lakini fila yangu, kile kipimo cha bapa cha kupimia mwanya, nilikuwa nimemwazima mwenzangu, nikaona uvivu kumfuata. Nikabananisha vipande viwili vya msumeno wa chuma, nikapima navyo. Kimoja kina unene wa kama milimita 0.6. Nilijiambia cheche ikiruka mbali zaidi itachoma petroli vizuri zaidi. Mafundi wengi husema hivyo, na siku ile ilinifaa kuwaamini.

Gari liliwaka mara moja, likanguruma vizuri. Nikapokea pesa.

Siku ya tatu alinipigia simu akiwa katikati ya mlima Kitonga, amepakia vitunguu. "Fundi, linakohoa. Nikikanyaga mafuta linakosa nguvu, nikiachia linatulia."

Hapo hapo nilijua. Ukikanyaga mafuta mlimani, hewa na petroli nyingi huingia kwenye silinda, mgandamizo hupanda, na umeme huhitaji nguvu kubwa zaidi kuruka mwanya uleule. Tambarare koili ilimudu. Mlimani, kwa mwanya nilioupanua mimi, ikashindwa, petroli ikawa inatoka mbichi kwenye bomba la moshi.

Alifika jioni, shati limelowa jasho. Nikafungua boneti, nikainama kidogo, nikasema, "Mzee, koili imechoka."

"Una hakika, mwanangu?"

"Ninayo."

Akatoa pesa ya vitunguu. Nikamwambia akanywe chai. Alipoondoka nikaenda kuchukua fila yangu, nikachomoa plagi zote nne, nikagonga taratibu ncha ya pembeni ya kila moja. Ile ya kati sikuigusa, maana ukiilazimisha kauri yake hupasuka. Niligonga mpaka bapa la 0.8 likapita kwa kukwaruza kidogo tu. Kazi hiyo haikufika nusu saa. Kisha nikafunga koili mpya, ili akirudi aione.

Wiki iliyofuata alipitia gereji makusudi. "Mwanangu, Kitonga nimepanda kama gari jipya." Akateremsha nusu gunia la vitunguu, akakataa nisimlipe hata senti. Mke wangu aliwagawia majirani. Mimi kila nilipovikuta kwenye mchuzi nilikula nikiwa nimeinamisha kichwa.

Habari ya mwanya ningeweza kumwambia jioni ile ile, na nadhani angenisamehe kabla chai haijapoa. Niliogopa aibu ya dakika moja, nikamtwika yeye gharama.

Koili ya zamani aliniambia niitupe. Sikuitupa. Nimeijaribu kwenye gari jingine, inatoa cheche ya buluu, kali. Jumamosi nateremka nayo Ruaha Mbuyuni, pamoja na pesa yake.