Bukavu: chupa moja ya ziada, nani atalipa?

Mama huyu alikimbia vita kijijini na watoto wake wanne. Alipofika Kadutu alianza kuuza kasiksi, kisha bia, mbele ya nyumba anayopanga.

Jumamosi moja usiku, mteja aliyekuwa amekwisha kulewa aliomba chupa nyingine. Mama akampa. Mteja akapanda pikipiki yake, na mbele kidogo akamgonga kijana aliyekuwa anarudi nyumbani. Mguu ukavunjika.

Asubuhi familia ya kijana ilikwenda kwa mwenye pikipiki, ikaja pia kwa mama: «Ni wewe ulimnywesha.»

Sheria ya Congo inawapa njia ya kudai. Kifungu cha 258 cha sheria ya kiraia, cha tangu mwaka 1888, kinasema anayemletea mwengine hasara kwa kosa lake sharti ailipe. Mahakama inaweza kuona kwamba kumwongezea mlevi pombe ni kosa.

Bima ya pikipiki ni ya lazima, lakini haimkingi muuza pombe. Yeye anahitaji bima yake, ya kulipa madhara yanayowapata wengine kwa sababu ya biashara yake. Tangu sheria ya 2015, SONAS si kampuni ya bima pekee nchini. Anaweza kuuliza kwengine pia. Lakini kabla ya kutia sahihi, aulize: ulevi wa wateja umo ndani?

Mama hakuwa na bima. Aliuza frigo yake, na pesa ya shule ya watoto ikaenda hospitali.

Leo mteja akianza kuyumba, anamletea maji na kunyoosha mkono: «Papa, lete ufunguo. Utauchukua kesho.»