Maji Miguuni pa Abiria

Nilipofika Kilosa mwishoni mwa mwezi wa Machi, katika likizo fupi ya muhula wa kwanza, mvua za masika zilikuwa zimekwisha anza. Mjomba alinijia stendi na gari lake ili tuende nyumbani Chanzuru. Nikamwamkia, nikaingia mbele upande wa abiria kama nilivyozoea, na mara soksi zangu za shule zikalowa chapa. Maji yalikuwa yamesimama juu ya zulia, pale abiria anapoweka miguu, nayo yalikwenda mbele na kurudi nyuma kila gari liliposhuka na kupanda.

"Nyanyua miguu, mjomba," akaniambia. "Hapo siku hizi ni bwawa."

Msomaji asidhani ya kuwa gari hili ni la anasa. Ni gari dogo la kutoka Japani, lililonunuliwa likiwa limekwisha tumika miaka mingi, nalo huchukua abiria na magunia baina ya Chanzuru na Kilosa. Nauli yangu ya kuja shuleni hutoka humo, na sabuni yangu, na madaftari yangu. Tena kwa desturi ya sisi Wasagara, kama jirani zetu Wakaguru na Waluguru, mtoto huhesabiwa upande wa mama yake, na mjomba ndiye mzee wake. Kwa hiyo bwawa lile halikuwa jambo la kuchekesha kwangu.

Sasa nitaeleza kosa langu la kwanza. Jioni ile ile nililizunguka gari kama daktari, nikaufungua mlango wa abiria, nikaona raba yake imepasuka pembeni. Nikasema kwa sauti ya mtu aliyesoma fizikia, "Mjomba, maji yanapita hapa." Mjomba aliniamini. Siku ya pili alimwagiza dereva mmoja raba mpya kutoka Morogoro, akalipa shilingi 40,000. Tukaibandika wenyewe, ikakaa vizuri sana, na mlango ukawa unafunga kwa mlio mzito kama wa gari jipya. Usiku mvua ikanyesha. Asubuhi nikaingiza mkono: maji yalikuwa yale yale, hayakupungua hata kikombe kimoja.

Mjomba hakusema neno. Afadhali angenigombeza.

Jirani mmoja alishauri tutoboe tundu katika sakafu ili maji yapate kutoka. Shauri hilo nalilisikia tena baadaye kwa watu wengine wawili, na naona lina wafuasi wengi. Lakini mtu akizijua barabara zetu wakati wa masika, ataelewa ya kuwa tundu la kutoa maji ya juu litakaribisha tope la chini, na kutu italila bati kuanzia hapo palipotobolewa.

Basi usiku wa nne tangu nije, yapata saa saba, mlango ukagongwa. Mwanamke wa nyumba ya tatu kutoka kwetu alikuwa ameshikwa na uchungu, na upande wetu wa kijiji hakuna gari jingine linalolala pale. Tukamweka nyuma pamoja na mama mkwe wake, bibi yangu akakaa mbele, nami nikabanwa kati ya bibi na mlango kwa sababu ilibidi awepo mtu wa kusukuma tukikwama. Mvua ilikuwa ikinyesha kama inayomwagwa kwa ndoo. Miguu ya bibi ilikuwa ndani ya maji mpaka kifundoni, naye hakulalamika, alikuwa akiomba Mungu kwa sauti ya chini.

Hata tulipofika penye mteremko, taa za mbele zikazimika.

Mjomba alikanyaga breki, gari likateleza kidogo, likasimama. Taa zikawaka. Tulipokwenda hatua chache zikazimika tena. Nikatoa mkono dirishani na tochi ya simu, nikamulika ukingo wa barabara, nasi tukaenda mwendo wa mtu anayetembea mpaka taa zilipokubali kuwaka zenyewe. Mama yule alifika hospitali ya wilaya, na kabla ya mapambazuko akajifungua salama mtoto wa kike. Tuliporudi mjomba alizima gari mbele ya nyumba, akakaa kimya akishika usukani. Kisha akasema, "Tangu leo sichukui mtu usiku. Nikimwua mtu gizani nitamjibu nini Mungu?"

Neno hilo lilinichoma. Nikajua ya kuwa usiku mwingine mtu atakuja kugonga, na mlango hautafunguliwa.

Kulipokucha tulikwenda Kilosa kwa fundi mmoja mzee. Mzee yule hakushika chombo cho chote kwanza. Alichovya vidole viwili katika yale maji, akavisugua, akavinusa, akasema, "Vijana wa siku hizi hutibu kabla hawajauliza. Gari lina maji matatu. Haya ni ya nani?"

Akatueleza hivi. Kuna maji ya rejeta, ambayo gari nyingi huyapitisha ndani ya hita iliyo chini ya dashibodi. Hayo huwa yamechanganywa na dawa, yana rangi, yananuka utamu na yanateleza vidoleni, wala mtu asiyaonje kwa maana ni sumu. Kuna maji ya kiyoyozi, yaani umande unaoshika juu ya bomba baridi, kama unavyoona juu ya chupa ya soda iliyotoka katika barafu. Hayo hutoka nje kwa mpira mdogo, na mpira ukiziba humwagika ndani, hata siku ya jua kali. Tena kuna maji ya mvua.

"Kiyoyozi chako je?" akamwuliza mjomba.

"Mzee, tangu ninunue gari hili kiyoyozi chake hakijapuliza hata siku moja."

Fundi akacheka. "Basi mshtakiwa mmoja yuko huru."

Vidole vyake havikuteleza wala havikunuka kitu ila ukungu wa zulia. Ikabaki mvua. Akatuagiza turudi nyumbani tukavue zulia lote, tulikaushe, kisha tutafute mahali maji yanapoingilia kwa kuyamwaga sisi wenyewe, tukianza chini na kupanda juu, maana ukianzia juu maji hukimbilia kila mahali na hutajua ni yapi yaliyoingia. Yeye angekuja jioni ya siku ya pili.

Kazi ya kuvua zulia ilinishangaza. Juu lilionekana kama kitambaa tu, lakini chini yake palikuwa na tabaka nene ya mfano wa godoro, na tabaka hilo lilikuwa limekunywa maji. Nililikamua kwa mikono yote miwili nikajaza ndoo ya lita kumi karibu nusu. Kwa hiyo hata siku zisizo za mvua sakafu ile ilikuwa ikilala majini. Rangi ilikwisha inuka, na kutu ilikuwa imeanza kutambaa. Pembeni, karibu na mahali abiria anapoegemeza mguu wa kushoto, palikuwa na vifundo vya nyaya vilivyofunikwa kwa plastiki. Nilipovifungua nikaona vipini vya shaba vimeota kijani. Hapo nikaelewa kwa nini taa zilituacha mteremkoni.

Jua lilipatikana siku moja na nusu, tukamshukuru Mungu. Fundi alipokuja alinyunyiza majivu makavu ya jikoni juu ya bati lote la sakafu na kando zake, ili maji yakipita yaache njia. Mimi nikalala chali ndani, kichwa chini ya dashibodi na miguu juu ya kiti, tochi mkononi. Mjomba akashika kopo nje. Alimwaga kwanza chini ya mlango. Hakuna kitu. Akamwaga juu ya mlango, juu ya ile raba yetu ya shilingi 40,000. Majivu yakabaki makavu, na nadhani hata ile raba ya zamani ingefaulu mtihani huo. Akamwaga kwenye ukingo wa kioo cha mbele, juu na kando. Hakuna. Shingo ilianza kuniuma.

"Sasa chini ya kioo, penye wipa," akasema fundi. "Polepole, usiache."

Nikahesabu kopo la kwanza, la pili, la tatu. Katika kopo la nne tone la maji baridi likaniangukia sikioni. Kisha jingine. Nikageuza tochi nikaona yanatoka katika kasha jeusi la feni, lile linalovuta hewa kutoka nje na kuipuliza ndani, nalo katika gari letu liko upande wa abiria. Nikapiga kelele kama mtu aliyeona nyoka.

Fundi alifungua wipa kwa spana, akanyanyua plastiki ndefu yenye matundu iliyo chini ya kioo. Msomaji, chini ya plastiki hiyo mna mfereji wa bati. Mvua yote inayoteremka juu ya kioo huangukia humo, kisha hutoka kwa tundu mbili, moja kila upande, na kudondoka nyuma ya magurudumu ya mbele. Katika mfereji huo huo ndimo feni inamovutia hewa, kwa mdomo uliozungushiwa ukingo wa kimo cha vidole vitatu hivi. Maadamu tundu ziko wazi, maji hayafiki ukingoni. Tundu ya upande wa abiria ilikuwa imezibwa kabisa kwa uji mweusi wa majani, hata nyasi moja nyembamba ilikuwa imeota humo gizani. Maji yalijaa, yakapanda ukingo, yakaingia katika feni, yakateremka mpaka miguuni pa bibi.

Nyumbani kwetu husimulia habari za mafuriko ya Kilosa, yaliyotokea mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010, nami nilikuwa mtoto mchanga wa mgongoni. Mto Mkondoa ulivunja tuta lake ukaingia katika nyumba za watu, na reli ya kati ikaharibiwa. Mjomba alipouona ule mfereji alisema, "Tazama, Mkondoa huu hapa."

Tulichota uchafu kwa kijiko, tukasukuma waya laini katika tundu, mara maji yakafyatuka nyuma ya gurudumu kwa kishindo, bibi akapiga kigelegele. Yaliyobaki yalikuwa kazi ya subira tu: vifundo vya nyaya tulivisugua kwa mswaki wa zamani baada ya kuondoa waya wa betri, kutu tukaitoa kwa msasa na kuipaka rangi, na zulia halikurudishwa mpaka fundi alipolibana shavuni akasema limekauka. Alitutoza shilingi 15,000.

Majani yale yalikuwa ya mkwaju. Gari hulala chini ya mkwaju ulio mbele ya nyumba. Jani la mwembe ni kubwa, hukaa juu ya plastiki ukaliona ukalitupa, lakini vijani vya mkwaju ni vidogo, hupita katika matundu yale bila kugusa kando. Fundi alipokuwa akifunga wipa aliuliza, "Lakini mengi hivi? Nani hufagia kioo hiki?"

Mjomba akajibu, "Hakuna afagiaye, Mzee. Huanguka yenyewe."

Mimi nilikuwa nimeshika bisibisi. Nikanyamaza.

Katika likizo ndefu ya mwezi wa Desemba kazi ya kusafisha gari ilikuwa yangu. Kila asubuhi, kabla mjomba hajaamka, nilikuwa nikichukua ufagio wa chelewa na kuyafagia majani ya kioo kuelekea chini, kwa maana kuyavuta kando na kuyaokota kulikuwa kunanichelewesha, na yakifika penye matundu yalikuwa yakitoweka vizuri, nami nikafurahi. Niliyafagia hivyo majuma matano. Kisha nikarudi shuleni, na masika yakanikuta ninajua sababu zote ila ile moja.

Usiku wa mwisho wa likizo mvua kubwa ilinyesha. Nilitoka na taa, nikafungua mlango wa abiria, nikaweka kiganja juu ya zulia. Palikuwa pakavu. Saa tisa za usiku huo huo mtu akaja kugonga kwa ajili ya mtoto mwenye homa kali, mjomba akainuka, akavaa koti, akatoka. Taa ziliwaka mpaka zikapotea nyuma ya miembe.

Gari sasa hulala upande wa pili wa nyumba, ambako hakuna kivuli, na mjomba hulalamika ya kuwa usukani unamchoma mchana. Habari ya ufagio sijamwambia. Mhariri wetu amekubali kunipa nakala mbili za gazeti hili, nami moja nitaipeleka Chanzuru, maana mjomba husoma kila kitu ninachoandika, tena husoma kwa sauti mbele ya bibi.