Kabla ya Kupanda Kitonga, Chungulia Chini ya Gari

Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa ni ndefu. Inapita Morogoro. Inapita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964. Halafu inateremka katika bonde lenye joto. Huko unavuka Mto Ruaha Mkuu na kuingia Mkoa wa Iringa. Kijiji cha hapo kinaitwa Ruaha Mbuyuni.

Utaona mashamba mengi ya vitunguu. Wakulima wa hapa hawangoji mvua tu. Wanaleta maji ya mto shambani kwa mifereji. Wakati wa mavuno utaona magunia kando ya barabara.

Ukiendelea mbele utapita kati ya mibuyu minene. Kisha utaukuta mlima Kitonga. Barabara inapinda kulia, inapinda kushoto. Upande mmoja ni mwamba, upande mwingine ni korongo. Malori yanapanda polepole kama kobe. Moja likiharibika, mengine hukwama nyuma yake kwa saa nyingi. Juu ya mlima hali ya hewa ni ya baridi. Mji wa Iringa uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari.

Mlima huu ni mtihani kwa gari kuukuu. Gari likiwa na ugonjwa, ugonjwa huo utaonekana hapa.

MAFUTA MEKUNDU

Siku hizi magari mengi yaliyotumika huletwa kutoka Japani. Baadhi yake hufika vijijini. Mengine ni ya otomatiki. Gari la otomatiki halina pedali ya klachi. Giaboksi yake hubadilisha gia yenyewe.

Ndani ya giaboksi hiyo mna oili maalumu. Mafundi wengi huiita haidroliki. Kwenye kopo huandikwa herufi ATF. Ikiwa mpya, mara nyingi huwa nyekundu. Oili hii hulainisha vyuma na kuvipoza. Tena hiyo ndiyo inayopeleka nguvu ya injini kwenye gia. Ikipungua, injini itanguruma lakini gari halitavuta. Giaboksi itapata joto kali na kuungua.

WAKULIMA WATANO NA PIKAPU MOJA

Msimu mmoja wa mavuno nilikuwa Mbuyuni na kikundi cha wakulima watano. Walikuwa wamenunua pikapu kuukuu ya otomatiki kwa fedha za kikundi. Usiku walipakia magunia 10 ya vitunguu. Mnunuzi alikuwa anawangoja Iringa.

Asubuhi, mama mweka hazina aliinama akachungulia chini ya gari. Aliona matone mekundu mchangani.

"Shikamoo, mama," dereva alimsalimu.

"Marahaba, mwanangu. Gari letu linatoka damu."

"Ni kidogo tu, mama. Ninalo kopo la oili. Nitaongeza, tutafika."

Mama akamwuliza, "Mfereji ukibomoka, mwanangu, unaongeza maji au unaziba?"

Mkulima mmoja alikasirika. Alisema mnunuzi hangoji mtu. Ada ya shule ya watoto wake ilikuwa ndani ya magunia yale. Maneno yake yalikuwa ya kweli. Basi wakakaa chini wakapiga hesabu. Mpira wa oili ni fedha kidogo. Giaboksi ni fedha nyingi. Na gari likikwama mlimani, vitunguu vitakaa juani na watu watakuwa hatarini.

Wakaita fundi. Fundi alipangusa chini ya gari kwa kitambaa, akawasha injini, akatazama. Mpira unaopeleka oili kwenye rejeta ulikuwa umepasuka. Kijana mmoja alipanda basi kwenda Mikumi kuununua. Alirudi jioni. Fundi aliufunga, akajaza oili, akapima.

Kesho yake walipanda Kitonga salama. Yule mnunuzi alikuwa amekwisha kununua kwa wengine. Wakauza kwa bei ya chini kidogo. Lakini pikapu yao ilikuwa nzima, na msimu uliofuata ilibeba tena.

WEWE UFANYE NINI?

Kwanza, tambua rangi. Usiku tandika boksi safi chini ya gari. Asubuhi tazama. Tone jekundu au la kahawia lenye utelezi huenda limetoka kwenye giaboksi. Laweza pia kutoka kwenye stelingi, kwa sababu baadhi ya stelingi hutumia oili kama hiyo. Tone jeusi mara nyingi ni oili ya injini. Maji ya rangi yasiyo na utelezi wa oili hutoka kwenye rejeta.

Pili, pima oili. Magari mengi ya zamani yana kijiti cha kupimia. Simamisha gari mahali tambarare. Vuta breki ya mkono. Weka gia kwenye P. Injini iwe na joto, tena iwe inanguruma polepole. Chomoa kijiti, kifute, kirudishe, kichomoe tena. Oili iwe kati ya alama mbili. Magari mengine hupimwa kwa njia nyingine, na mengine hayana kijiti. Fuata kitabu cha gari, au mwulize fundi.

Tatu, nusa oili. Ikinuka kuungua, giaboksi imeanza kuharibika. Ikiwa na rangi kama maziwa, maji yameingia. Usiendeshe gari hilo.

Nne, tafuta panapovuja. Mara nyingi ni kwenye mipira ya kwenda rejeta, kwenye gasketi ya sampo, au kwenye sili. Bolti za sampo zisikazwe kupita kiasi, kwa maana sampo itapinda na kuvuja zaidi. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Weka magogo imara na uzuie matairi.

Tano, ukiongeza oili, weka ile iliyotajwa katika kitabu cha gari. Ongeza kidogo kidogo, huku ukipima. Oili ikizidi hufanya povu, na povu halina nguvu. Angalia isimwagike kwenye bomba la moshi. Bomba likiwa na moto, oili yaweza kuwaka.

Sita, gari la otomatiki likizimika, usiliburute tu kwa kamba. Injini ikizima, pampu ya giaboksi haisukumi oili. Magurudumu yanayovuta yainuliwe, au fundi afungue propela kwanza.

MTEREMKO NAO

Ndugu msomaji, kinachopanda hushuka. Ukirudi kutoka Iringa utapita Ilula, penye nyanya nyingi kando ya barabara. Kisha utateremka Kitonga. Usiweke gia kwenye frii ili kuokoa mafuta. Tumia gia ndogo, ile ya 2 au L, ili injini isaidie breki.

Oili chafu usiimwage mtoni wala mferejini. Ikusanye kwenye dumu. Maji yale yale hunywesha vitunguu na watu.

Kikundi chenye gari kimchague mtu mmoja wa kuchungulia kila asubuhi, na aandike katika daftari alichokiona. Wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Andika tarehe, rangi ya tone, na kiasi cha oili kilichoongezwa. Ukiona unaongeza kila wiki, acha kuongeza. Ita fundi azibe.